Wa Kumi na Saba

Panya mia mbili, Njoro, chumba kisicho na dirisha.
Nusu wanalala ndani ya koili yenye mkondo,
nusu ndani ya koili iliyo kimya.
Ipi ni ipi sijaambiwa. Ndiyo kanuni:
mkono unaolisha usijue.

Jumatatu nawapima. Uzito, manyoya, uvimbe kwapani.
Wa kumi na saba ana pengo sikioni
na desturi ya kuninusa kidole kabla ya kula.
Daktari Cherono alionya, msiwape majina.
Sikumpa. Namwita Kumi na Saba.

Miezi ishirini, na majedwali bado yanasema
labda,
huenda,
tuongeze panya.

Jioni narudi Lanet. Nyaya kubwa zimepita juu ya bati langu,
mvua ikinyesha zinavuma
kama nyuki waliokosa mzinga,
zinapeleka umeme kwa wengine.
Mimi nawasha koroboi.

Nyumba ya kulinganisha, isiyo na nyaya,
ningeipata wapi kwa kodi hii?

Jebiwott anauliza mbona kila Jumatatu
vidole vyangu vinamtembea kwapani polepole hivyo.
Nakutekenya tu, namwambia.
Anacheka.
Nahamia kwapa la pili.