Kabla ya Alhamisi

Barua imekuja ndani ya daftari la hesabu,
imekunjwa mara nne, ina doa la mafuta ya andazi:
Mzazi wa Aikande, darasa la tatu B,
Alhamisi watoto watapelekwa bwawani.
Taulo. Kandambili. Kofia ya mpira.
Vazi la kuogelea, lisiwe la pamba.
Asile chakula kizito. Akatwe kucha.
Na chini kabisa, juu ya mstari wa nukta:
Je, kuna jambo lolote tunalopaswa kulijua?

Kofia nimeipata Memorial, kwenye rundo la mtumba.
Muuzaji aliivuta mpaka ikalia kama bata.
"Hii, mama, hata mawazo hayalowi."
Alitaka elfu mbili; nikampa elfu na mia tano, akacheka akapokea.
Vazi lilikuwa la mtu mzima, la zambarau.
Nimelipunguza kwa cherehani ya Mama Ndeshukuru,
uzi mweusi, maana wa zambarau Pasua nzima haukuwepo.

Jumatatu usiku nikajaza beseni,
lile la bluu la kufulia, lenye ufa tuliouziba kwa plastiki ya moto.
Maji ya Moshi hayana utani,
yanashuka mlimani hayajasahau barafu;
nikayachanganya na birika zima.
"Zamisha uso," nikamwambia. "Toa pumzi kwa pua,
fanya mapovu, kama uji unaotokota."
Akaniangalia.
"Anza wewe, mama."

Sikuwahi.
Miaka thelathini na minane naoga kila siku,
na uso naunawa kwa viganja,
polepole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa.
Kwetu Kirua mfongo ulipita nyuma ya migomba,
maji ya zamu, kina cha magoti,
na mama alitukinga nao kwa ufito wa mbuni.
Hakusema kwa nini.
Kabatini alikuwa na picha moja
ya mvulana mwenye kaptula ndefu,
na hatukuruhusiwa kuuliza angekuwa na umri gani.

Nikapiga magoti kwenye saruji.
Oga. Woga. Ogelea.
Nani aliyapangisha maneno haya chumba kimoja,
yanalala kitanda kimoja, yananyang'anyana shuka?

Nikaingiza uso.
Kwanza kelele masikioni, kisha hakuna,
kisha kidole kidogo kikinigonga mgongoni,
moja, mbili,
akihesabu kwa sauti ya Mwalimu Ngowi,
tatu, nne,
na huko chini, kwa muda mfupi kuliko ninavyousimulia,
hapakuwa na mvulana, hapakuwa na ufito,
palikuwa na bluu tu, na ule ufa.
Nikaibuka nahema, maji puani, kanga chepechepe,
naye anapiga makofi:
"Mama! Umesahau mapovu!"

Jumanne yeye alitoa mapovu mpaka sakafu ikalowa.
Leo alasiri amelala kifudifudi juu ya kigoda,
akapiga miguu hewani hadi kuku wakahama uwani.
Baba yake amepiga simu kutoka Mererani.
"Usimeze maji," amesema,
akakaa kimya, salio likaisha.

Sasa ni saa nne usiku. Begi liko mlangoni.
Jina lake nimeliandika kwenye pindo la taulo
kwa kalamu ya wino usiotoka.
Nimebaki na barua, na ule mstari wa nukta.
Nimeandika: Ndiyo.
Nimefuta.
Nimeandika: Hana pumu wala kifafa.
Akiogopa, hucheka. Msidhani amefurahi.
Mshikeni mkono wa kushoto.

Nimetia saini.
Beseni bado lina maji, sijayamwaga.
Kesho saa tano, yeye akiwa bwawani,
mimi nitakuwa hapa, mlango nimeufunga,
natafuta mapovu.