Mti wa Penalo

Aliikunjua karatasi juu ya boneti,
akaikandamiza kwa mawe manne na simu yake,
maana upepo wa Rwenzori hauna adabu kwa ukoo wa mtu.

Huyu ni Ambrose Penhallow, alifika Toro mwaka ishirini na moja.
Kahawa ikamfia, akapanda chai.
Ambrose akamzaa Cedric, Cedric akamzaa Hugh,
Hugh akanizaa mimi, Nanyuki, shamba likiwa limeshauzwa.
Kiswahili chake kimenyooka kama uzio.

Nilimwacha aseme.
Kwetu Penalo ni senta: fundi baiskeli, chapati,
mashine ya kusaga inayokohoa tangu alfajiri.
Sikujua kwamba Penalo alikuwa na mama.

Kaburi tulilipata nyuma ya kiwanda.
Kona moja ya jiwe imelika,
watu hunolea mapanga pale. Nami pia, sikumficha.
Akacheka kidogo, akapiga picha upande uliosalia.

Tuliporudi garini kidole chake kikasimama kwenye tawi fupi:
Mtoto wa kike. 1926. Siku kumi na tisa.
"Hakubatizwa," akasema. "Hana jina."

Analo.
Bibi yake mama, Kabahenda, ndiye aliyembeba siku zote hizo,
na kwetu binti hapitishi siku ya nne bila empaako,
hata awe mwekundu kama kitoto cha panya.
Alimwita Abwooli, chinichini, jikoni,
mzazi akiungua homa chumba cha mbele.
Jina likabaki kwetu karibu miaka mia,
kama sufuria ya kuazima ambayo mwenyewe kahama.

Akaomba nimtajie herufi.
Akaandika kwa penseli, akafuta, akaandika tena, o mbili.

"Na wa kwenu wamelala wapi?"
Nikamwonyesha chai. Mstari wa tatu kutoka barabarani,
labda wa nne. Palikuwa na mutoma wa kuonyesha, ukakatwa.
Akaitazama chai, akaitazama karatasi.
Upande huo haikuwa na nafasi.

Kuagana ndiko kulikonikwamisha.
Salamu yetu haifungi bila empaako, naye hana.
Ningempa. Hayauzwi, na ulimi wangu ulikuwa nalo moja tayari.
Nikasema tu, haya,
nikaanza kumsaidia kuondoa mawe,
moja, moja,
karatasi ikiinuka pembeni kama inayotaka kuondoka kwanza.