Mpaka wa Penseli

Waliniletea Malindi imekunjwa mara nane,
picha iliyopigwa kutoka juu sana,
juu kuliko kunguru, juu kuliko adhana,
wakaniambia: gawa. Wadi tano,
watu sawa kwa sawa, na Jumatatu tuione.

Nikachonga penseli.

Paa za mabati ziling'aa, nikazihesabu kwa ncha,
moja, moja, kama mchuuzi wa njugu.
Pale Matimboni sikuona kitu.
Vumbi. Weupe wa mawe. Kichaka kidogo.
Nikaandika: watu mia mbili, takriban.
Na mheshimiwa, nyuma ya bega langu,
akitafuna kashata bila kunikaribisha,
akasema, Hapo hapo. Pindisha hapo.
Mstari ukayazunguka machimbo kama mtu anayekwepa deni,
ukapita nyuma ya kituo cha petroli,
ukarudi kumchukua binamu yake
na nyumba zake kumi na sita za kupangisha,
ukawa na umbo la mjusi aliyekanyagwa mkia.
Mheshimiwa akauita mpaka wa asili.

Kikao cha wananchi kilikuwa ukumbi wa shule,
feni moja hai, tatu marehemu.
Nyevu wa Kalama alikuja na nyundo yake,
si kwa shari; alikuwa ametoka kuponda kokoto
na hakuwa na wa kumwachia.
Aliitazama ramani muda mrefu,
kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani.
"Kijana," akasema, "sisi tumekufa lini?"

Ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka.
"Paa zetu ni za makuti. Makuti ukiyatazama kwa juu
ni mnazi uliolala. Shuka."

Nikashuka.
Siku tatu, daftari kwapani, viatu vikawa vyeupe.
Nilihesabu kwa vyungu vilivyo motoni,
kwa ndara mlangoni, nikagawa kwa mbili,
kwa watoto waliokataa kusimama wahesabiwe
na waliosimama mara mbili.
Elfu tatu mia nne na kumi na mmoja.
Nyevu akanifuata mbio hadi barabarani: kumi na wawili,
Mbodze amejifungua alfajiri.
Nikamwambia mtoto hapigi kura.
Akasema, maji je, atakunywa au hatakunywa?

Mama yangu husema kata, hasemi wadi,
na kata aijuayo ni ile ya mtungini,
kifuu chenye mpini. Mkono wa mchotaji ukiegemea upande,
mmoja hulowa mpaka magoti
na mwingine humeza upepo.
Hilo lilinikaa usiku kucha nikifuta.
Kifutio kiliisha, bati la penseli
likaanza kuikwaruza karatasi.

Mstari mpya ulinyooka, karibu.
Watu sawa; tofauti yenyewe
haijazi ukumbi wa harusi.
Lakini mstari ni mstari, lazima upite kwa mtu,
na huu ulipita kwa mama.
Ulimwacha ng'ambo ya zahanati
aliyoipigania miaka kumi na mmoja:
barua, foleni, leso za sare,
na ile siku walipoketi mlangoni kwa afisa
hadi akatoka kwa dirisha.

Ningeweza kuukunja. Upana wa kidole gumba tu,
nani angejua?
Mheshimiwa angejua.
Angenipigia makofi.

Niliuacha.

Mama hakusema nami wiki mbili.
Ya tatu akamtuma mtoto wa jirani
na mkate wa sinia, umefunikwa vizuri,
bado una joto, na swali:

"Kamuulize mwanangu,
hiyo wadi aliyonilaza
ni ya wagonjwa gani,
na saa za kuja kutazamwa ni zipi?"