Hodi

Muuguzi wa Makole hakupandisha sauti.
Alinichoma kidole, akasubiri kimashine,
akaandika sita nukta nne kwa kalamu nyekundu.
"Mzee Chilongani, hujaugua bado.
Umesimama kizingitini."

Akanifafanulia kama mtu anayeeleza ugomvi wa mtaa:
insulini ni mgeni, sukari kajitwika begani,
anapita mlango kwa mlango wa misuli, hodi, hodi,
na misuli iliyokaa miaka ishirini kwenye kiti cha masijala
imekuwa kiziwi.
Wabishaji wanaongezeka. Mzigo unabaki barazani,
unachacha.

Nilicheka.
Kisha nikaukumbuka mguu wa kaka Malogo,
tuliouzika Kongwa wiki sita kabla ya kumzika mwenyewe.

Basi saa kumi na moja alfajiri natoka Nkuhungu,
upepo wa Julai ukinipekua kama askari wa getini.
Siku ya kwanza nilifika kwa muuza mkaa,
nikakumbatia nguzo ya umeme.
"Mzee, unakimbia deni?"
Kijana wa bodaboda akapunguza mwendo:
"Panda, nikupeleke kwa buku tu!"

Miguu hii, jamani,
ilichunga ng'ombe wa baba Mvumi nzima,
jua hadi jua, tumbo na togwa la asubuhi,
wala haikulijua neno mazoezi.
Nani aliifundisha kukaa?

Sechelela ananipimia ugali wa uwele kwa ngumi yangu,
mlenda wa kutosha, na jicho lake juu ya sahani.
Nikishanawa, sikai.
Nazunguka nyumba mara kumi,
kuku wamezoea, hawakimbii tena.

Mwezi wa tatu kimashine kilisema tano nukta saba.
Muuguzi akatabasamu nusu: "Usiache.
Misuli husahau upesi kuliko mdeni."
Najua. Juzi mvua ilinyesha, nikalala.
Juzi na jana.

Leo nimepanda kilima cha Mlimwa hadi nusu,
mapaja yanawaka, jasho linaingia machoni,
na ndani, mbali, nikadhani nimesikia
mtu akisogeza komeo.

Raba ni za Malogo.
Ya kulia imelika kisigino.
Ya kushoto bado mpya, kama imetoka dukani leo,
nami naikanyagisha vumbi, hatua kwa hatua,
mpaka zifanane.