Nafasi ya Katikati

Kazi yangu ni kuandika majina ya watu ukutani.
Kinyozi, duka la dawa, mandazi ya Mama Akeyo,
mwenye boda aliyetaka jina la bintiye nyuma ya kiti.
Nalipwa kwa herufi, Kibuye nzima inajua,
ndiyo maana mtoto alipozaliwa walinicheka:
Eli? Herufi tatu?
Fundi amempa mwanawe jina la bei nafuu.

Si kweli. Rispa ndiye aliyelitaja,
lilimtoka siku ya uchungu, kati ya pumzi na pumzi.
Jina refu lisingepita.

Lakini fomu ya hospitali ya Russia ina nafasi tatu.
Ya kwanza imejaa. Ya mwisho ni ya baba yangu, Osewe,
hiyo haina mjadala.
Ya katikati ni nyeupe, wiki ya pili sasa,
imekunjwa chini ya kopo la chumvi.

Nikachukua bati kuukuu, nikakoroga rangi ya bluu.
Jina fupi ni kigoda:
kiweke mbele ya ukuta mrefu,
utadhani kuna mtu amekisahau.
Linataka jirani mwenye mabega.
Nikaandika ELI OKINDA OSEWE,
nikarudi nyuma hatua nne, jicho moja nimelifumba.
I na O zinagongana kama baiskeli mbili mlangoni,
halafu O na O, macho ya bundi.
Nikafuta kwa mafuta ya taa.

OCHOLA, Mama akalikataa kwenye simu:
"Hatujazika mtu mwaka huu, usituitie.
Amezaliwa jua limeshapinda. Ni Odhiambo.
Fomu ni ya nini?"

Rispa akatoka, mtoto kifuani.
Bati hakulitazama.
"Wewe unalisoma. Mimi ndiye nitakayeliita.
Ugali ukiiva, nani atabeba ukuta wako hadi uwanjani?"
Akasimama mlangoni, akaelekeza mdomo njiani:
Eli Odhiambooo!
Wakaja wavulana watatu mbio,
mmoja na tairi lake, mmoja bado anatafuna.
"Kuna nini, mama?"
Tukawapa ndizi, wakaondoka.
Eli Barakaaa!
Akaja mmoja, na mbwa wa kanisani.

Kisha akanyamaza. Akamhamishia mtoto bega la pili.
Akaita, si kwa sauti ya kuitia mtoto:
Eli Lugalia.

Hakuja mtu.

Lugalia ni baba yake, wa Mbale, mpasua mawe,
aliyehesabu wanawe gizani kwa kuwagusa vichwa,
tuliyemzika miaka sita iliyopita,
mvua ya mawe ikigonga sanduku kama anayebisha hodi.

Kwa yale majina mengine Rispa hakusubiri.
Hapa alisubiri.
Pikipiki ikapita, vumbi likapanda, likatua,
bado amesimama, uso kwenye vilima vya Maragoli.
"Halina mtu," akasema. "Andika."

Nikaandika. Ndipo jicho langu likaona
ambacho sikio lake lilishasikia:
ile LI ya Eli imo ndani ya Lugalia,
mtoto amejificha kwenye koti la babu,
anachungulia mfukoni.
Herufi saba baada ya tatu. Mabega yapo.
Na mkiani pana lia:
kengele hulia, mtoto hulia,
na mkono unaoshika brashi ni wa kulia.

Nikampigia Mama.
Simu ikawa kimya hadi nikadhani salio limekwisha.
Jina la ukweni, katikati, ubavuni mwa la mumewe.
"Alikuwa mtu wa maneno mengi?"
"Hapana."
"Basi hatamsumbua Osewe. Andikeni.
Mimi nitamwita Odhiambo."

Na siku akija kututembelea,
akasimama mlangoni jioni, akapaza sauti,
watakuja mbio wanne.