Geuza Nione Mgongo

Mwalimu Nyevu alikuja na picha kitabuni:
mwanamume wa Ulaya, miaka mia tano nyuma,
mabega kama mito miwili ya kulalia,
mikono imechanwa ili hariri ya ndani ichungulie,
shingo imezungushiwa lasi
utadhani kichwa kimeandaliwa kwenye sahani.
"Huyu ndiye nahodha," akasema. "Mchezo ni Ijumaa ya pili.
Shule imetoa elfu saba. Na mia mbili."
Hiyo mia mbili aliitaja kwa sauti ya chini.

Nikavaa buibui, futi shingoni,
nikaenda duka la Bawazir, nyuma ya msikiti.

Kuna watu huchagua kitambaa kwa macho.
Mimi nakisugua kati ya gumba na shahada,
nakivuta mshazari, nasikiliza kinavyolia,
kisha namwambia kijana: geuza nione mgongo.
Usoni kila darizi ni bibi harusi.
Mgongoni ndiko utakutana na mafundo,
nyuzi zilizoruka, karatasi iliyogundishwa,
uongo wa mashine wa usiku mmoja
uliofika huku ukiitwa wa Surati.

Akanifungulia mahameli: nyekundu, nzito, nzuri,
ukiitazama tu unatoka jasho.
Mwezi wa tatu, Malindi! Mtoto atazirai
kabla hajashuka merikebu yake ya maboksi.
Akanifungulia lasi, maua yake kama makovu ya ndui. Nikapita.
Akanifungulia atlasi ya kijani,
pembeni zari, komamanga na majani yake,
na nilipoigeuza
nikanyamaza.

Nyuma kama mbele. Mkono wa mtu aliyekaa kitako.
Kila uzi umerudi ulikotoka bila kukata njia.
Mama alishona kofia za vito namna hii,
miezi minne kofia moja. Alikuwa akisema
kito kimoja kikienda upande, kichwa chote kimeenda upande.

Yadi tatu na nusu, kipande cha mwisho.
Elfu tano na mia nane. Haitoshi watu wawili.

"Mvishe nahodha," akasema Mwalimu, "ndiye wa kitabuni."
Nikamwambia, hebu kaa.
Huyo mtu ametoka baharini, miezi tisa.
Fizi zinavuja damu, kutu imekula bizimu,
hiyo mito ya mabega imekwisha kulala.
Anakuja kuomba maji, machungwa, na mtu wa kumwonyesha njia.
Na wa kwetu, anayepigiwa pembe, anayeshikiwa mwavuli,
umemwekea nini? Kanzu ya bafta ya babake Charo?
Geuza hiyo picha, Mwalimu, tuone mgongo.

Akageuza kweli, maskini.
Nyuma kulikuwa na hesabu za penseli:
unga, sukari, vocha.

Basi atlasi ikaenda kwa mfalme,
mvulana mfupi mwenye kikohozi, Ngumbao.
Nahodha nikamkatia pazia
la hoteli ya Mtaliano iliyofungwa, shilingi mia kwa kilo,
limefifia upande uliokuwa ukitazama jua,
na upande huo ndio nikauweka mbele.
Mikono nikaichana, ndani nikachomeka foronya.

Nahodha wetu ni msichana, Dhahabu wa Kazungu.
Sauti ndiyo iliyompa cheo.
Alipojipima akatazama kioo,
akatazama atlasi ya Ngumbao,
akavuta pua. Hakusema kitu.

Zari ilibaki kidogo, urefu wa mkono wangu.
Usiku nikaishona ndani ya kola yake:
komamanga moja, dogo, linalogusa ngozi,
lisiloonekana hata kutoka kiti cha mbele.

Kesho yake akaja anajikuna.
"Fundi, kuna kitu kinachoma hapa."
"Ni jina lako," nikamwambia.
Akaendelea kujikuna,
lakini shingo ameinyoosha.