Mazuku

Bibi alitufundisha, pale Keshero:
asubuhi, jua halijapanda,
msishuke mabondeni kwenye mawe meusi.
Kuna hewa imelala huko.
Haina rangi, haina harufu,
haipigi hodi.

Tuliijua kwa mbuzi.
Mbuzi wa Mama Sifa alishuka kutafuta majani,
tukamkuta amepiga magoti,
jani bado mdomoni.
Hakuna jeraha. Hakuna damu.

Katembo, leo siku ya tisa hujatoka godoroni.
Chai imeota utando.
Diploma yako ya Serikali iko ndani ya nailoni, chini ya mto,
asilimia sitini na nane,
na simu juu ya kifua inakumulika kidevu,
inakuonyesha wenzako waliofika Kampala, waliofika Kanada,
wanacheka kwa meno yote.

Baba mdogo anasema: uvivu.
Sisi tulikimbia vita pekupeku,
tukala matembele bila chumvi,
hatukuwa na nafasi ya kuzama moyo.
Mchungaji anasema: pepo. Siku tatu za kufunga.
Jirani anasema: mwanamke.
Na kila mmoja anasema akiwa amesimama mlangoni,
anavuta pumzi, anaitoa,
anashangaa: mbona sisi tunapumua?

Ndipo nikamkumbuka mbuzi.
Mazuku ni hewa nzito, haifiki kifuani mwa mtu mzima.
Mtu mzima hukatiza bondeni akipiga mluzi,
na mtoto aliyemshika mkono
analegea.

Vijana wa leo, wanasema.
Vijana wa leo walisomea chini ya turubai,
wakajua kutofautisha fataki na risasi
kabla ya kujua kugawanya.
Wakaambiwa: soma, utatoka.
Wakasoma.
Mlango ulikuwa umechorwa ukutani kwa chaki.

Sina dawa, mdogo wangu. Nauza makala,
ninachojua ni moto.
Jana usiku ulipolala,
hapana, hukulala, ulifumba macho,
niliwasha kiberiti nikakishusha polepole kando ya godoro
kama tulivyofanya utotoni ukingoni mwa shimo.
Nilijua ni upuuzi. Chumba ni chumba.
Moto haukuzimika. Uliniunguza kidole,
nami nikafurahi kama mjinga.

Bibi alisema pia:
aliyeanguka huko haitwi, anafuatwa.
Nikalala sakafuni, kichwa changu sawa na chako,
nikavuta unayoivuta.
Hukuuliza kitu.
Baadaye sana, majogoo ya Ndosho yameanza,
ukasema: “Dada, na wewe unaisikia?”

Naisikia.

Jua likishapanda tutakwenda kituo cha afya,
kwa yule muuguzi asiyetazama saa
mtu anapotafuta maneno.
Miguu ikikataa, nimeazima chukudu ya Kasereka.
Imebeba magunia mazito kuliko wewe,
na njia ile ya mawe
inaijua.